Wageni wa Usiku Mmoja

Mlinzi wa geti la mbele alimpigia Mama Kasuku saluti, kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mkoba wa yule mama na kuanza kuupekua. Miaka yote alikuwa akimpekua kwenye geti la nyuma, jioni, asije akawa ametoka na sabuni za wageni. Alipokumbuka kwamba leo mambo ni tofauti, vidole vilikuwa vimeshagusa kitana. Akavitoa haraka.

"Samahani, mama. Karibu. Karibuni sana."

"Wewe pekua tu," Mama Kasuku alimwambia. "Usipopekua nitajiona nimesahau kitu."

Walikuwa wanne. Mumewe alitangulia, shati limepigwa pasi mpaka likawa na makali. Marina nzima, ile bandari ndogo ya hoteli, ilimwita Kamba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzipokea boti za matajiri na kuzifunga gatini. Nyuma yake alikuja mama yake mzazi, mkeka umeviringishwa kwapani, kwa sababu alikuwa ameapa hatalala juu ya godoro lililolaliwa na watu asiowajua. Wa mwisho alikuwa binti yao wa pekee, ambaye kwa mdomo wake alipewa jina la Kasuku akiwa bado anatambaa, na wazazi wake wakawa Mama Kasuku na Baba Kasuku bila kuulizwa.

Pale mapokezi, ukutani, picha ya Kamba ilikuwa imetundikwa ndani ya fremu: Mfanyakazi Bora wa Mwaka. Zawadi yake ilikuwa kulala usiku mmoja yeye na familia yake katika hoteli hiyo hiyo wanayoifanyia kazi, chumba cha pembeni kinachotazama boti, chakula juu ya hoteli. Binti wa mapokezi aliwaletea vitambaa vya baridi vya kujifutia uso. Mama Kasuku alikijua kitambaa chake kabla hajakishika. Alikikunja yeye mwenyewe jana, upande wenye uzi uliochomoka ukiwa ndani.

Meneja alitokea na mpiga picha. Alikuwa mtu wa tabasamu nyingi, na tabasamu zote zilifanana.

"Bibi, huo mkeka tuuweke pembeni kidogo. Kwa ajili ya picha."

"Nao haujawahi kupigwa picha," alisema Bibi, akaukumbatia.

Walipigwa hivyo hivyo, mkeka ukiwa katikati kama mjukuu wa pili. Kisha Meneja akawafunga wote bangili za bluu za plastiki, zile wanazovaa wageni, akasema kwa sauti ya hotuba, "Leo ninyi ni wageni wangu. Sitaki kumwona mtu anafanya kazi. Na huko nyuma msiende kabisa. Sahauni kama kuna huko nyuma."

Kamba alicheka. Alicheka sana kuliko utani wenyewe, na mkewe akamtupia jicho.

Chumba hicho Mama Kasuku alikuwa akikisafisha karibu kila siku, lakini hakuwahi kukiingia akiwa amevaa viatu. Alisimama mlangoni asijue pa kuweka mkoba. Kasuku yeye alishawasha taa zote, akazizima, akaziwasha tena, akafungua bomba la maji moto na kupiga kelele kwamba maji yanachemka yenyewe.

Mama Kasuku alifunua pembe ya shuka.

"Ona hii kona. Hii ni kazi ya yule binti mpya. Amesokomeza tu."

"Mama Kasuku, acha," mumewe alisema. "Umeambiwa leo hufanyi kazi."

"Sifanyi kazi. Natandika mahali nitakapolala." Na kweli alivua shuka zote, akatandika upya, akanyoosha kona mpaka zikakaa kama bahasha. Akajisikia nafuu, kisha akajisikia mjinga. Bibi alikuwa ameshatandaza mkeka wake chini, kati ya kitanda na kabati, ameketi miguu ameinyoosha, anakitazama chumba kama mtu aliyeitwa polisi akaambiwa asubiri.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Hawa si ndio wale wale waliokuja na mita wakapima mpaka kizingiti changu? Leo wametupenda ghafla?"

"Mama, ni zawadi," alisema Kamba. "Mwanao amefanya kazi vizuri, wamemzawadia. Hilo nalo linakuuma?"

"Sijasema linaniuma. Nimesema nauliza."

Mita hiyo ilikuwa habari ya nyumbani kwao. Walikaa kwenye mabanda ya wafanyakazi, nyuma ya jenereta, vyumba viwili vya mwisho. Hoteli ilitaka kuipanua marina, na mabanda yalikuwa yamesimama mahali ambapo boti mpya zingefungwa. Makapera wote walikuwa wamekwisha kuhamishiwa bwenini. Lakini bweni halikupokea watoto wala wazee, na Mama Kasuku alimwambia Meneja wazi kwamba hawatoki mpaka waonyeshwe mahali ambapo watu wanne watalala chini ya paa moja. Meneja akasema atafikiria. Mafundi walipokuja kupima, Bibi aliketi kizingitini na ungo wake wa mchele, akawaambia wakitaka kuvunja waanze na yeye. Wakaondoka. Tangu hapo hakukuwa na neno, na Mama Kasuku alianza kuamini kwamba Meneja kweli anafikiria.

Kasuku alirudi akiwa na kibao cha mlangoni, kile chenye tundu la kuning'inizia kwenye kitasa. Upande mmoja kilikuwa chekundu, mwingine kijani.

"Ta-fa-dha-li u-si-su-mbu-e," alisoma. "Mama, hiki ni cha nini?"

"Hicho ni bwana mkubwa. Ukikitundika nje upande huo mwekundu, haingii mtu. Mimi siingii, Bi Kitambaa haingii, hata Meneja haingii. Ule wa kijani ndio unaotuita tuje kusafisha."

Bi Kitambaa alikuwa msimamizi wao wa usafi, aliyeitwa hivyo kwa kitambaa cheupe alichokuwa akikipitisha juu ya makabati kutafuta vumbi.

"Na mwizi?"

"Mwizi naye si anajua kusoma?"

"Na baba?"

"Baba yako atakuwa ndani, mtoto wewe. Kirudishe."

Hakuwa anatania sana. Kwenye ile hoteli kibao hicho kilikuwa sheria kuliko sheria nyingine zote. Kuna binti alifungua mlango wenye kibao chekundu kwa kupitiwa tu, akamkuta mgeni na taulo. Meneja alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akamvua aproni kwa mkono wake mwenyewe, akasema anayefungua mlango wa kibao, hata atumwe na nani, afunge virago. Binti yule alivuka kutoka kisiwani kwenda ng'ambo kwa boti ya jioni hiyo hiyo. Mama Kasuku hadi leo akiona rangi nyekundu kwenye kitasa mkono wake hurudi nyuma.

Jioni waliletewa chakula kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Waliowahudumia walikuwa jirani zao, na kila mmoja aliona haya kumwangalia mwenzake. Kasuku alikula hadi cha Bibi. Kamba hakula. Aliigeuzageuza nyama sahanini, na mkewe alipomuuliza alisema jua la leo limemwingia kichwani.

Asubuhi Mama Kasuku aliamka kwa mazoea kabla ya mtu yeyote, akakumbuka hana pa kwenda, akajitengenezea chai na kutoka nayo barazani. Alimkuta mumewe ameshasimama pale, mikono miwili juu ya ukingo, macho majini.

Boti za wageni zilikuwa zimetulia kwenye kamba zake, nyeupe, safi, turubai zimefungwa. Nyuma ya boti hizo, polepole, lilikuwa linaingia tishari, lile jahazi bapa la chuma linalobeba mizigo mizito. Juu yake kulikuwa na tingatinga la manjano.

"Mbona wamewahi hivi?" alisema Kamba, chinichini, kama anaongea na kidevu chake. "Walisema mpaka mchana."

Mama Kasuku aliweka kikombe chini. Alikiweka vizuri kabisa, katikati ya kisahani.

"Nani walisema?"

Kamba hakugeuka.

"Baba Kasuku. Nani walisema mpaka mchana?"

"Sikiliza kwanza..."

"Nasikiliza."

"Wangevunja tu. Leo au mwezi ujao, wangevunja. Meneja aliniita, akaniambia anataka mtu wa kusimamia marina mpya. Yote. Vijana wote wa kamba chini yangu. Akasema kitu kimoja tu kinamzuia, ni Mama pale kizingitini. Hataki kumbeba mzee wa watu mbele ya wafanyakazi. Nikimtoa kwa usiku mmoja tu, kwa heshima, basi..."

"Kwa heshima."

"Vitu havitavunjwa. Vitatolewa kimoja kimoja. Aliniahidi."

"Na mtoto atalala wapi?"

"Mimi na wewe tutakwenda bwenini kwa muda. Mama na mtoto watavuka ng'ambo, kwa dada. Mpaka mambo yakae sawa."

"Kwa dada yupi? Yule ambaye watoto wake mwenyewe wanalala kwa zamu?"

Kamba alijifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nikishamaliza kupiga picha?"

Hakusubiri jibu. Hata kanga ya kujifunga juu hakuchukua. Alipita kwenye bustani akiwa na ndala za hoteli, zile laini za kuingilia bafuni, na maumivu yaliyomkaa kifuani yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa ya nyumba. Ya pili, yaliyouma zaidi, yalikuwa ya kile kicheko cha mumewe pale mapokezi.

Mlango wa wafanyakazi ulikuwa kwenye ukuta wa miti, nyuma ya chumba cha kufulia. Mlinzi aliyempekua jana alikuwa zamu hapo.

"Mama, huku huwezi kupita."

"Nakwenda kwangu."

"Wageni hawaruhusiwi kupita huku," alisema mlinzi, na alipolisikia neno lenyewe likitoka kinywani mwake aliinamisha kichwa. "Ndivyo nilivyoagizwa. Mwenye bangili ya bluu asipite, ni kwa usalama wake."

Mama Kasuku aliivuta bangili. Plastiki ile ilitengenezwa isikatike. Aliivuta mpaka mkono ukawa mwekundu, akaing'ata kwa meno, haikukatika.

"Usiniponze, mama. Nina watoto."

"Na mimi ninaye. Alikuwa analala pale."

Mlinzi hakumruhusu kupita, lakini alisogea pembeni kidogo, na hapo aliposogea palikuwa na upenyo kati ya mti na mti. Mama Kasuku aliweka jicho. Matoroli ya kufulia, yale ya shuka, yalikuwa yamepangwa mstari, na ndani yake kulikuwa na maisha yake: sufuria, ungo wa Bibi, sare ya shule ya Kasuku, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba. Aliyekuwa akisukuma toroli la mbele alikuwa Bi Kitambaa. Macho yao yalikutana kwenye upenyo. Bi Kitambaa aliyaondoa ya kwake, akasukuma.

Alibaki hapo mpaka tingatinga liliposhushwa, likainua bamba lake la chuma na kuegemea ukuta wa nje wa banda lao, ukaanguka. Wa ndani ulibaki wazi juani, ule wa jikoni, mweusi tititi kwa moshi wa jiko lake. Mama Kasuku aliona aibu. Nyumba inaondoka, naye anaona aibu kwamba watu wote watauona moshi wake, kwamba watasema mtandika vitanda wa hoteli kwake palikuwa hivi. Aibu hiyo ndiyo iliyomtoa machozi, na alipoyafuta alikuwa amekasirika kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Aliporudi chumbani Kamba hakuwepo. Kasuku alisema baba amevaa kofia yake ya kazi na kukimbilia gatini. Mama Kasuku alikaa chini kwenye mkeka, akamwambia mama mkwe wake yote, bila kupunguza kitu, mpaka ile habari ya kusimamia marina.

Bibi aliviringisha ncha ya mkeka, akaiachia.

"Huyo ni wa tumbo langu," alisema mwishowe. "Wa tumbo langu kabisa." Kisha akauliza, "Sasa sisi tunatoka humu saa ngapi?"

"Wanataka chumba kabla ya adhuhuri. Kuna wageni wanakuja."

"Tukitoka tunakwenda wapi?"

Mama Kasuku aliinuka. Alitazama mlango. Kile kibao kilikuwa kinaning'inia kwa ndani, Kasuku alikirudisha kama alivyoambiwa. Alikichukua, akafungua mlango, akakitundika nje kwenye kitasa, upande mwekundu ukitazama watu. Akafunga, akazungusha ufunguo, akatia na mnyororo.

Simu iliita. Ilikuwa sauti ya binti wa mapokezi, tamu kama kawaida. "Habari za asubuhi, tunapenda kuwakumbusha kuhusu muda wa kuachia chumba."

"Asante, mwanangu. Hatuachii."

"Samahani?"

"Mwambie Meneja hatuachii."

Haikupita muda. Viatu vya Meneja vilijulikana kwa mlio, na nyuma yake vilisikika vya mpira vya Bi Kitambaa. Barazani palikuwa na wageni wengine wanakunywa kahawa, kwa hiyo Meneja alibisha kwa ncha ya kidole, taratibu.

"Mama Kasuku, fungua tuongee kiutu uzima."

"Ongea tu. Nakusikia."

"Kuna familia inasubiri chumba hiki."

"Na yangu inasubiri chake."

"Vitu vyenu vyote viko salama, hakijavunjika hata kijiko. Bweni lipo. Mzee na mtoto tumewatayarishia boti ya kuvuka. Bure."

"Hatutaki boti. Tunataka mahali watu wanne walale. Nilikuomba zamani, ukasema unafikiria. Kumbe ulikuwa unafikiria hivi."

Meneja alivuta pumzi. Alimgeukia Bi Kitambaa na kumwambia kwa sauti ya chini, lakini mlango haukuwa mnene. "Fungua. Mnyororo nitakata mimi."

Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alifunga mdomo. Mama Kasuku aliujua ule ufunguo, ufunguo wa milango yote, unaoning'inia kiunoni kwa Bi Kitambaa. Alisubiri kusikia ukigusa kitasa.

"Kibao kipo, Meneja," alisema Bi Kitambaa.

"Nakuagiza mimi."

"Ulisema hata mtu atumwe na nani. Ulisema mbele yetu wote, ukamvua binti wa watu aproni. Leo nimesukuma vitu vya mwenzangu kwenye toroli za shuka chafu, nimenyamaza. Hiki sifungui. Ufunguo huu hapa, fungua mwenyewe."

Meneja aliupokea. Alikuwa ameshaunyoosha kuelekea kitasani pale mzee mmoja wa chumba cha jirani, aliyevaa joho la kuogea, kikombe mkononi, alipouliza kwa upole, "Kuna tatizo?"

Tabasamu ilirudi mahali pake. "Hapana, mzee wangu, hakuna kabisa. Nilikuwa nawauliza wageni wetu kama wamelala vizuri."

"Hatukulala!" Bibi alipaza sauti kutoka kwenye mkeka. "Mmetupiga picha, mkatuvunjia nyumba!"

Mzee wa joho la kuogea aliweka kikombe chini. Alivuta kiti chake, akakigeuza, akakaa akitazama mlango, maana asubuhi kisiwani hapakuwa na mengi ya kutazama. Milango mingine miwili mitatu ikafunguka. Ufunguo ukarudi mfukoni mwa Meneja.

Hapo ndipo Kamba alipofika, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa amekwenda kuwaomba wenye tishari wangoje, na walimcheka.

"Afadhali umekuja," Meneja alimwambia. "Waambie watu wako watoke. Tuyamalize kama tulivyokubaliana."

Kamba alisogea mlangoni. Aliona kibao, mkono uliokuwa unakwenda kwenye kitasa ukaishia hewani, akabisha.

"Ni mimi."

"Mimi nani?" alisema mkewe.

"Baba Kasuku."

"Baba Kasuku alituleta huku tupate raha. Wewe uliye nje ni nani, na mmekubaliana nini? Sema. Mama yako yuko hapa anasikiliza."

Meneja alimshika bega. "Kamba. Fikiri kabla hujafungua mdomo. Ile kazi bado ipo."

Mama Kasuku alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mbao. Alitaka kusikia, na aliogopa kusikia. Mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo alikuwa upande wa pili, umbali wa unene wa mlango, na hakujua atasema nini.

"Nilikubali kumtoa mama yangu nyumbani kwa uongo," alisema Kamba. Sauti ilianza ndogo, ikakua. "Nilimwambia ni zawadi. Haikuwa zawadi. Niliambiwa nikimtoa nitapewa cheo, nikakubali. Mke wangu hakujua. Mama, hakujua, mimi ndiye niliyejua. Na ile picha ukutani ni ya hiyo kazi, si ya boti." Alivua kofia ya marina, akamkabidhi Meneja. "Cheo chukua. Niambie tu mtoto wangu atalala wapi."

Meneja aliishika kofia kama kitu kilicholowa. Kamba aliketi chini, mgongo ukigusa mlango, uso umewaelekea wanywa kahawa wote. Mkewe alisikia uzito wake ukitua kwenye mbao. Hakufungua.

Mwisho wa njia ya bustani ilitokea familia mpya na masanduku yake, na mtoto wao mkubwa ameshainua simu kupiga picha maua. Simu ikageuka taratibu kuelekea kwa mtu aliyeketi chini mlangoni. Meneja aliiona.

"Lile ghala la matanga ya boti," alisema haraka, meno ameyabana. "Juu ya ofisi ya marina. Vyumba viwili. Choo kiko chini."

"Wote wanne?" aliuliza Mama Kasuku.

"Wote wanne."

"Sema kwa sauti. Yule mzee mwenye kahawa hajasikia."

"Wote wanne! Mpaka makazi ya familia yatakapojengwa."

Siku hiyo ingefika lini, kila mfanyakazi aliyekuwapo alijua kwamba haijulikani.

"Vitu vyetu viingie kwanza huko," alisema Bibi. "Mimi nikitoka humu, natoka na mkeka wangu kwenda kuutandika."

Bi Kitambaa alikuwa ameshageuka kwenda kuyafuata matoroli.

Ghala lilinuka ukungu na kamba mbichi. Mchana kutwa walifagia, wakarundika maboya ya zamani upande mmoja, wakapanga vitanda. Kamba aliambiwa aendelee kufunga boti kama zamani. Msimamizi wa marina mpya angetafutwa kwingine. Picha yake pale mapokezi ilikuwa imeshatolewa, umebaki msumari.

Mama Kasuku alirudi hotelini kwa muda kumalizia kazi, kwa kuwa chumba cha pembeni kilihitaji shuka safi na zamu ilikuwa yake. Alikitandika kwa ajili ya familia mpya, kona kwa kona, bila kinyongo nayo. Jioni alitoka kwa geti la nyuma. Mlinzi alifungua mkoba wake, akapekua, mkono ukasimama. Chini ya kitana kulikuwa na kibao cha mlangoni. Miaka yote hakuwahi kutoka na hata kipande cha sabuni.

Mlinzi alikitazama, akamtazama yeye. Akakirudisha ndani, akavuta zipu.

"Pita, mama."

Jua lilipokuwa linazama Kamba alipanda ngazi za ghala, amechoka, anasikia harufu ya chakula. Alipofika juu alikuta mlango umefungwa, na kwenye msumari wa mlango kinaning'inia kitu chekundu. Alisimama. Kisha akakaa kwenye ngazi ya juu.

"Mama, baba yuko nje," alisema Kasuku, jicho kwenye ufa.

"Najua."

"Amekisoma."

"Vizuri."

"Sasa hataingia?"

Mama Kasuku alipakua wali. Alimpakulia Bibi, akampakulia mtoto, akajipakulia, na sahani ya nne akaifunika na kuiweka karibu na jiko isipoe. Bado alikuwa anamchukia. Alikuwa pia ameyakumbuka maneno yake ya pale mlangoni, mbele ya Meneja, yote, moja baada ya jingine, na yalikuwa yanamsumbua.

"Mwache akae," alisema Bibi, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nilimzaa mimi, lakini mwache akae kwanza."

Walikula. Vyombo vilipoondolewa Mama Kasuku alifungua mlango nusu, akanyoosha mkono bila kumtazama aliyeketi pale, akakigeuza kibao upande wa kijani, akafunga.

Walisubiri. Kamba hakuwa msomaji wa haraka. Kisha wakamsikia akiinuka, na akabisha kama wanavyobisha watu wa usafi kwenye hoteli ile, mara tatu, kwa adabu.

"Usafi wa chumba," alisema.

"Ingia," alijibu mkewe. "Ufagio uko nyuma ya mlango. Na uanze na kona."